Mwenye Jina Amerudi

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliachia pale pazia la chumba cha ndani lilipofunguka na marehemu akatoka kuomba maji.

Kwa ambaye hakuwa nasi tangu mwanzo: mimi ni Twalha, mzaliwa wa Mtwara. Lakini ukimsikia mtangazaji akimtaja mpigaji wa kwanza wa timu ya taifa ya kriketi ya Msumbiji, utasikia Shaweji Abdulai. Shaweji ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Vita vilipoingia Palma mwaka 2021 alipotea. Tukangoja miezi sita, hatukuona mtu wala maiti, tukasoma hitima. Siku hiyohiyo wazee wa upande wa mama wakanipa jina lake. Kwetu jina la marehemu halizikwi. Hupewa ndugu alivae, ili mama mfiwa apate wa kumwita.

Kosa langu ni kwamba sikuishia nyumbani. Jina nililopewa ili niitwe na mama mkubwa, mimi nililipeleka serikalini. Watu waliopoteza karatasi zao kwenye vita walikuwa wengi, hakuna aliyeniuliza mara mbili. Nikapata bilhete, yaani kitambulisho cha Msumbiji, nikapata na pasipoti, nikashuka Maputo na kriketi niliyofundishwa Dar es Salaam na mjomba wangu aliyekuwa mtunza uwanja. Miaka mitatu na nusu, nchi sita, mikimbio, yaani alama zetu za kriketi, elfu moja na mia tatu. Yote yameandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Bilhete ile imekwisha muda. Ndiyo iliyonirudisha Palma, kwa sababu safari hii lazima mzazi aape mbele ya brigada, wale maofisa waliotumwa kuandika upya kumbukumbu zilizopotea.

Wapo wasomaji walionitumia ujumbe wiki hii kuniita mwizi, mmoja akanikumbusha kwamba za mwizi ni arobaini. Hawajakosea. Ila waweke akiba ya matusi, maana ya leo ni mabaya zaidi.

Shaweji alikunywa vikombe vitatu bila kupumua. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, ndevu zimemjaa. Mama mkubwa Mwanawetu alisimama katikati yetu na kata mkononi, anamtazama yule, ananitazama mimi.

"Ana siku tisa humu ndani," aliniambia. "Kaja kwa miguu kupitia Pundanhar. Hana karatasi hata moja."

"Siku tisa? Mimi nimefika jana, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini?"

Shaweji akafuta mdomo kwa kiganja.

"Ndiye wewe?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, kaka."

"Hapana. Nauliza, ndiye wewe uliye mimi?"

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake, kile cha kuanzia puani. Nilitaka kumkumbatia.

Alitusimulia kwa sauti ya chini, mgongo kwenye ukuta. Waasi waliomchukua walimbebesha mizigo yao porini miaka yote hiyo. Alihesabu mvua, kisha akaacha kuhesabu.

"Siku moja mkubwa wao alikuwa anasikiliza redio. Kireno. Habari za michezo. Nikasikia Shaweji Abdulai, mikimbio sabini na mbili. Nikasema basi, nimeshakufa, hizi ndizo habari za huko."

"Astaghfirullah," Mama mkubwa alisema.

"Kisha nikafikiri. Maiti hakimbii mara sabini na mbili. Wiki ile nikakimbia mimi."

Sabini na mbili nilizipiga Gaborone. Nilipozipiga nilikuwa nawaza bei ya viatu. Sikujua kuna mtu chini ya mzigo anazisikia.

"Basi nimekuja kuchukua jina langu," Shaweji alisema.

Alisema kwa upole, kama mtu anayefuata sufuria aliyoazimisha.

Naomba mwelewe tulivyobanwa. Mwanamume anayetoka porini bila bilhete hana pa kupita Palma. Kila kizuizi kitamuuliza alikuwa wapi na nani, na jibu la kweli ndilo litakalomtia ndani. Brigada ilikuwa inafunga kazi kesho yake, Ijumaa. Akiandikwa Shaweji, atatoka chumbani na kutembea kwao kama watu. Nikiandikwa mimi, atabaki nyuma ya pazia mpaka Mungu atakapomkumbuka.

Na mimi je? Treinador wetu, yaani kocha, Celso, alikuwa amenipigia asubuhi ileile.

"Jumatatu tunapanda ndege," aliniambia kwa Kireno. "Asiye na karatasi mpya namtoa kwenye orodha. Mashindano haya tukifuzu, maisha yako yamebadilika. Na Shaweji, kule usinifanyie ule mchezo wako. Mpira wa nje uache upite."

Huo ndio ugonjwa wangu, na kila anayejua kriketi anaujua. Mpira ukija mbali na wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda, mpigaji mwenye akili huinua gongo lake na kuuacha upite. Mimi siwezi. Mkono unaniwasha. Nimetolewa mara kumi na moja kwa mipira ambayo haikunihusu. Celso ana msemo wake: mpigaji mzuri hujulikana kwa mipira anayoiacha.

Nilijaribu kwanza njia ya mkato.

"Kaka, chukua jina langu. Nina karatasi za Mtwara, zimekwisha muda lakini ni za kweli. Vuka Ruvuma, kaa kwa mama yangu, kule hakuna atakayekusumbua."

"Niwe mgeni?"

"Kwa muda tu."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama yangu yuko hapa, baba kazikwa hapa. Nimetoroka porini ili nikajifiche kwa watu?" Akaniangalia usoni. "Wewe ulipolivaa la kwangu, lilikubana?"

"Halikunibana."

"Ndiyo maana hulivui."

Mama mkubwa akaketi kwenye mkeka. "Mimi nilimpa," alisema. "Usimlaumu peke yake. Nilikuwa sina wa kumwita."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nikashika mkono wa Shaweji, mkono mgumu wenye makovu, nikamwambia kesho alfajiri tukimaliza kusali tutakwenda wote watatu brigada. Nitamweleza ofisa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nitakubali lolote.

"Ukishamweleza utakuwa nani?"

"Nitakuwa Twalha."

"Twalha ana timu?"

"Hana."

Akaubana mkono wangu. "Basi nimekusamehe kabla," alisema.

Nilipokuwa naahidi nilikuwa nasema kweli. Ukweli wangu ulidumu mpaka saa tisa alasiri.

Saa tisa pikipiki mbili zilisimama nje. Shaweji akarudi chumbani, pazia likashuka. Chumba kile mlango wake unatazama uani, na hauna kitu kingine ila pazia hilo la khanga.

"Hodi hapa."

Alikuwa Senhor Estêvão, ofisa wa brigada, mtu wa Inhambane aliyekaa Palma miaka mitatu na kujifunza Kiswahili chetu kwa bidii. Nyuma yake askari mmoja wa kusindikiza mashine, na bunduki begani.

"Campeão, bingwa wetu," Estêvão alisema, ameshika sanduku la mashine kwa mikono miwili. "Nimesikia uko mjini. Mtu wa taifa apange foleni juani? Nimekuletea brigada nyumbani."

Nilipigwa na butwaa. Palma nzima watu wanajua futeboli tu. Mama mkubwa mwenyewe huliita gongo langu kafi, na mpaka leo haamini kwamba kuna anayelipwa kwa kazi hiyo. Kumbe Estêvão alisoma Maputo, chumba chake kilitazama uwanja, kila Jumapili alikuwa dirishani. Alijua alama zangu kuliko mimi. Mtu mmoja tu mji mzima aliyejua kazi yangu, na ndiye mwenye karatasi.

Ningeweza kusema njoo kesho. Ningeweza kusema mama anaumwa. Maneno yalikuwapo, mepesi, yako ulimini.

"Karibu, senhor," nikasema. "Kaa hapa kivulini."

Mama mkubwa alinitazama. Sikumtazama. Kati yangu na pazia hapakuwa na hatua kumi, na khanga haizuii sauti.

Estêvão alifungua mashine, akapiga picha yangu, akachukua alama za vidole. Taa ya kijani ikawaka kila kidole. Nilikuwa nahesabu vidole vyangu kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nikisema moyoni: hiki, na hiki, basi nimefika.

"Sasa mama," Estêvão alisema. "Useme mbele yangu kwamba huyu ni Shaweji Abdulai, mwanao."

"Ngoja nitie udhu."

"Si lazima, mama. Ni karatasi tu."

"Kwako karatasi."

Akachota maji pipani, akaenda kona ya uani. Akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso, taratibu, kiungo kwa kiungo. Aliporudi alipita karibu na pazia. Alisimama hapo kidogo. Sikusikia alichosema, kama alisema.

Estêvão aliinua kalamu. Kama mama mkubwa angekataa, askari angeuliza kwa nini, na nyumba ingepekuliwa. Alilijua hilo. Nililijua. Ni kama nilimwingiza kwenye kona, kisha nikasimama mlangoni.

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu," alisema, "jina la Shaweji huyu nilimpa mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Na tangu siku hiyo namwita mwanangu."

"Mama amethibitisha," Estêvão alisema huku akiandika.

Hapakuwa na neno la uongo hata moja. Sijapata kusikia kiapo kilichoniuma vile. Mama mkubwa aliketi mkekani, akakunja mikono, akaangalia kuta.

"Bado sahihi yako tu," Estêvão akaniambia. "Lakini kabla hujasaini naomba kitu kimoja. Usinicheke."

"Sema, senhor."

"Nionyeshe pigo lile la Gaborone. Nililisikia redioni tu, sikuliona. Nikurushie mpira mmoja tu, mmoja. Nitawasimulia wanangu."

Gongo lilikuwa limeegemea ukutani, mpira uko kwenye begi. Ningesema mkono unauma. Ningesaini kwanza. Mama mkubwa akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

Nilishika gongo.

Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimeiba siku nzima, nimevunja ahadi mbele ya masikio ya mwenyewe, na kwa muda mfupi mtu mmoja alitaka kuona kitu ambacho ni changu kweli. Jina ni la Shaweji. Pigo ni langu. Nilitaka lionekane, hata na askari.

Nikasimama, nikapiga mstari chini kwa kidole cha mguu, nikainama. Estêvão akarudi nyuma mpaka kwenye pipa, akarusha.

Alirusha vibaya, maskini. Mpira ulikwenda pembeni, mbali na mimi. Ulikuwa mpira wa kuacha. Ungepita, ungegonga ukuta wa jiko, na leo nisingekuwa na hadithi.

Niliufuata.

Niliupiga vizuri, Mungu anisamehe, katikati ya gongo, na ulitoka chini na mkali. Ukapita pembeni ya pazia, ukaingia chumbani. Nilisikia mlio. Haukuwa mlio wa ukuta. Mpira wa kriketi ni mgumu, na anayeucheza anajua sauti yake unapokuta mwili.

Hakuna aliyelia.

"Eee," Estêvão akasema, anapiga makofi. "Eee, campeão."

Askari akanyanyuka kwenye kigoda. "Naufuata."

"Kaa tu," nikasema. "Nitauchukua mwenyewe."

Nilipiga hatua mbili. Kabla ya ya tatu, mpira ulitokea chini ya pazia. Ulibingirika polepole kwenye sakafu ya udongo, ukanipita, ukasimama kwenye kiatu cha askari.

Shaweji alidhani anasaidia. Alisikia mtu anakuja kuufuata akaurudisha, ili asiwepo wa kuingia. Mpaka leo najaribu kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Askari aliuangalia mpira. Akaliangalia pazia. Bunduki ikashuka begani.

"Ndani kuna nani?"

Estêvão alikuwa bado anatabasamu, uso wake haujapata habari.

"Toka," askari akasema. "Mikono juu."

Shaweji alitoka. Mkono mmoja juu, mwingine ulikuwa umeshika mbavu, nilipompiga. Jua lilimkuta usoni akafumba macho. Siku tisa alikuwa hatoki kivulini.

"Jina?"

Shaweji alifungua macho. Aliiangalia karatasi iliyokuwa kwenye mkeka, picha yangu, jina lake, na mahali palipobaki pa kusaini. Kisha akaniangalia mimi na gongo langu.

Ndugu zangu, nilisema moyoni, sasa anasema. Na nikataka aseme. Nilichoka kubeba.

"Twalha," alisema.

"Twalha nani?"

"Twalha Sadique. Wa Mtwara."

Alikuwa amelikumbuka mpaka jina la baba yangu, ambalo mimi sikulitamka miaka mitatu na nusu. Alinipa lake, kisha akachukua langu lile alilolikataa asubuhi, na bunduki iko kifuani.

"Bilhete?"

"Sina."

"Umetokea wapi?"

Askari akamsukuma akaketi chini. Estêvão alinigeukia, tabasamu limekwisha. Si kwamba alinishuku. Alikuwa anahofia usalama wangu, anadhani nyumba yangu imeingiliwa.

"Senhor Shaweji," alisema, "unamjua mtu huyu?"

Mpira wa mrushaji hodari ukikujia, huna hata nusu sekunde ya kuamua. Nimeishi humo, katika hiyo nusu sekunde, na nimekula kwa hiyo. Estêvão alinipa muda mrefu zaidi. Alinipa muda wa kutosha kabisa. Niliona Jumatatu, niliona ndege, nilimsikia Celso.

"Simjui," nikasema.

Shaweji aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitikia salamu.

Askari akamgeukia mama mkubwa. "Na wewe, mama? Mtu yuko chumbani mwako."

Mama mkubwa aliinuka mkekani. Hakuharakisha. Alikwenda mpaka pale alipoketi Shaweji, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Ni mwanangu," alisema.

Kalamu ya Estêvão ikasimama. "Mwanao? Mama, hapa nimeandika mtoto wako wa kiume ni mmoja." Aliangalia karatasi, akamwangalia mtu aliyeketi chini, akaniangalia mimi, na safari hii aliangalia kwa muda mrefu. Kama yule ni mwanawe, basi ni ndugu yangu. Na mimi nilikwisha sema simjui.

"Mama," askari alisema, "mwanao huyu anaitwa nani?"

Shaweji alimtazama mama yake kutoka chini, akamtikisia kichwa, akimwomba aseme Twalha. Mimi pia nilimtazama, na sijui uso wangu ulikuwa unaomba nini.

Maji yalikuwa bado hayajamkauka mikononi. Mama mkubwa alikuwa bado ana udhu.